Usilipie hiyo koili Ijumaa, mimi yangu nilishalipia

Usilipe. Salamu tutapeana baadaye.

Naona wakuu hapo juu wameshakuchangia kuhusu jeki na mafuta, na mmoja kakupa mpaka bei ya karai hapo Tabora mjini. Vizuri. Mimi hayo sitayagusa kwanza, maana uzi wako nimeusoma mara tatu na kila nikifika ile sentensi ya katikati tumbo linanivuruga. Kwa wanaoingia sasa: mleta mada yupo Tabora, amepata koili (bunda la bati lililoviringishwa) ya bati la galvanaizi, yaani lenye koti la zinki, unene geji 28, tani mbili na nusu, kwa muuzaji wa Dar anayesafisha stoo. Anataka kukandamizia makarai ya mafundi ujenzi na beseni za asali. Ijumaa anatuma malipo ya awali. Kauliza jeki ya tani ngapi inatosha, dai (kile kiumbo cha chuma ambamo bati linasukumwa lipate umbo) achongee wapi, atumie mafuta gani, TBS, wale wa viwango, wanataka nini, na auze bei gani.

Halafu katikati kaandika hivi, kama jambo dogo tu: "Kipande alichonitumia nimekijaribu kwenye dai ya kuazima, kimeingia safi kabisa."

Mkuu. Hicho kipande ndicho kilichonilaza na viatu mwaka 2017.

Mimi nipo Kigoma, karakana yangu ipo Gungu. Wakati huo nilikuwa na wazo ambalo mpaka leo naliona zuri, ubaya ulikuwa kwenye utekelezaji, na mtekelezaji nilikuwa mimi. Wavuvi wa dagaa huku wanavua usiku kwa taa. Juu ya taa inakaa kofia ya bati, umbo la bakuli pana lililogeuzwa, inasukuma mwanga uende chini majini na kukinga mvua. Kofia za mtaani zilikuwa za kukata na kukunja, zinaungwa kwa risasi. Kiungo ndicho kinachokufa kwanza. Ziwa lina unyevu, miezi michache tu kutu inaanzia pale pale kwenye mshono. Nikasema nitengeneze kofia isiyo na mshono, kipande kimoja, bati la zinki, linavutwa ndani ya dai likatoka bakuli. Upana sentimita 30, kina 9. Presi nikaiunga mwenyewe kwa vyuma vya chasisi ya lori, jeki ya tani 50, panchi (chuma kinachosukuma bati ndani ya dai) na dai zikachongwa kwenye mashine ya lezi. Nikajaribu na bati jeusi lisilo na zinki, bakuli zikatoka. Nikawa nimelewa, mkuu, na sijanywa kitu.

Nikaenda Kibirizi kwa wenye mitumbwi nikiwa na bakuli mbili mkononi. Wakazigonga, wakazigeuza, wakanipa oda. Wengine walitoa nusu ya hela palepale. Sharti lao moja: ziwe tayari kabla giza halijaingia, maana mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika, na giza likianza hakuna mtu atakayekaa ufukweni akimsubiri fundi.

Hapo ndipo nikampata dalali wa Dar. Jina silitaji, si kwa wema, ni kwa sababu sitaki kesi. Nikamweleza kwa simu kwamba nataka bati la kukandamiza, linaingia ndani, si la kuezekea. Akacheka kile kicheko cha mtu anayemfundisha mtoto. "Kaka, bati ni bati. Hii ni Z275, zinki ya kufa mtu. Nikutumie kipande ujaribu mwenyewe." Akanitumia vipande vinne kwa basi. Vinne! Nikaviweka kwenye dai, vikaingia kama mguu kwenye ndala. Mikromita ikasoma nusu milimita. Cheti cha kiwanda akanitumia picha yake WhatsApp, nikaona Z275, nikaona mhuri, nikaona maandishi mengi ya Kizungu, moyo ukatulia.

Tani 3. Milioni 8 na laki 7. Kusafirisha na kukatisha, laki 9 nyingine. Hela za oda zilikuwemo, mkopo wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ulikuwemo, na mama watoto alitoa akiba yake ya biashara ya mawese, ambayo nilimwambia namrudishia ndani ya miezi miwili. Tusiongelee hiyo miezi miwili.

Koili ikapanda treni, ikafika. Nikapiga nayo picha stesheni, nimeweka mguu juu kama mwindaji na nyati wake. Picha ninayo hadi leo, mke wangu haniruhusu kuifuta.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Dalili ya kwanza niliipata kwenye mkasi. Vile vipande vinne vilipokatwa vililia kwa sauti nzito, bati linakubali, linakatika. Hii koili ilipokatwa ililia juu, kama unakata msumeno, na kipande kikikatika kinaruka. Kijana wangu akasema, "Bosi, hili gumu." Nikamwambia anoe mkasi.

Tukaweka duara la kwanza kwenye dai, tukakaza ile pete inayoshika pembezoni bati lisikunjamane, nikaanza kupampu jeki. Sentimita moja, sawa. Moja na nusu, naona bati limeanza kung'aa pale kwenye kona ya panchi. Kabla ya mbili: ta! Si mlio wa kupasuka wa taratibu, hapana, mlio mmoja tu. Nikashusha. Kitako kimekatika duara zima, safi kama kifuniko cha kopo, kimebaki kwenye panchi, na bati la pembezoni limebaki kwenye dai halijasogea hata kidogo. Fundi yeyote anayejua kazi hii angesoma palepale: pembezoni hapakuvutika, chuma chote kilitakiwa kitoke kwenye ukuta mwembamba, na ukuta ukakataa. Mimi sikusoma. Nikaweka la pili. Ta. La tatu. Siku hiyo niliharibu maduara 17. Jirani mwenye duka la vipuri alikuja kuuliza kama tunapiga fataki.

Na hapa ndipo kosa lenyewe lilipokuwa kubwa, mkuu, kubwa kuliko kununua. Kwa kuwa vile vipande vinne viliingia, mimi niliamini kabisa bati halina shida. Kwa hiyo shida iko kwangu. Kipande cha mfano hakikunidanganya wakati wa kununua tu, kiliendelea kunidanganya wiki tatu nzima. Nikapiga msasa kona ya dai mpaka unajiona uso. Nikaongeza mviringo wa kona. Nikabadili mafuta mara nne, nikaishia mawese (nitarudi kwenye mawese). Nikilegeza pete ya pembezoni, bati linakunjamana kama sketi ya marinda. Nikikaza, ta. Bati zuri lina uwanja mpana katikati ya kukunjamana na kukatika, hata fundi mzembe anapapata. Bati langu halikuwa na uwanja wowote. Robo mzunguko wa nati kulia limekatika, robo kushoto limekunjamana. Nikamlaumu mchonga dai mpaka akaacha kupokea simu zangu. Yule mzee wa watu nilimkosea, nimeshamwomba radhi.

Wiki ya tatu akatokea mjuaji mmoja. Kila karakana ina mjuaji wake. Akasema chuma kikiwa kigumu kinalainishwa kwa moto, kwani hujui? Kipeleke kwenye mkaa kiwe chekundu, kiache kipoe taratibu. Kwa chuma kitupu maneno yake yana ukweli. Kwa chuma chenye zinki ni balaa, na nakuandikia sababu ili usije ukapata na wewe mjuaji wako. Chuma kilichokazwa kwa kuviringishwa baridi hakianzi kulainika vizuri mpaka kwenye nyuzi 600 na kitu hadi 700 hivi. Zinki inayeyuka nyuzi 419. Yaani kabla chuma hakijaanza hata kufikiria kulainika, koti lako lote limeshayeyuka, linaungua, linatoa moshi mweupe kama pamba. Nililainisha mabati kumi. Yalitoka laini kweli, na yalitoka ya kijivu, yanapukutika, hayana zinki. Bati jeusi la bei ya galvanaizi.

Usiku huo nikatetemeka kama niko kwenye barafu, jasho, viungo vinauma, mdomoni ladha ya sarafu. Kigoma hii, nikajua ni malaria. Asubuhi nikapimwa, hakuna malaria. Daktari akaniuliza unafanya kazi gani. Nikamwambia. Akaniangalia. Ni homa ya mafusho ya zinki, inakuja saa kadhaa baada ya kuvuta ule moshi, kwa wengi inaondoka ndani ya siku moja au mbili. Mafundi wanaochomelea mabomba ya galvanaizi wanaijua, wanakunywa maziwa. Maziwa hayasaidii kitu, ila nilikunywa lita mbili, sikuwa na hali ya kubishana.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mstaafu wa karakana ya reli, alikuja kutengenezewa bawaba ya geti. Akakaa kwenye benchi akiniangalia navunja bati la ishirini na ngapi sijui. Hakusema kitu. Akainuka, akaokota kipande, akakikunja kona kwa vidole viwili halafu akaachia. Kona ikarudi ilikotoka. Akakikunja tena kwa koleo mpaka kikalala, akaupitisha ukucha juu ya mkunjo. Ulikuwa na ufa.

"Mwanangu, hili ni bati la nyumba," akasema. "Wewe unalazimisha paa liwe bakuli."

Nikambishia! Nikamletea kipande kimojawapo cha vile vinne, kilichobaki. Akakikunja kona, ikabaki palepale ilipowekwa, kama karatasi ya sigara. Akaviweka viwili mkono wa huku na mkono wa huku, akasema, "Hawa si ndugu." Kisha akaniuliza, cheti kiko wapi? Nikafungua simu, nikiwa najiamini kabisa, nikamwonyesha ile picha. Hakuwa na miwani, akaniambia nisome mimi. Nikasoma Z275. Akasema hiyo ni zinki, soma cha kabla yake.

Kabla yake palikuwa pameandikwa G550.

Ilikuwa kwenye simu yangu siku zote hizo. Dalali hakuficha hata. Alinitumia cheti cha kweli cha koili ya kweli na kipande cha uongo, akijua nitasoma kile ninachotaka kusoma. Ndiyo maana mpaka leo nikimkasirikia yeye, nusu ya hasira inanirudia mwenyewe.

Sasa maana ya hizo herufi, kwa sababu kama na mimi ningeambiwa haya kwenye uzi kama huu ningekuwa na gari. Z na namba yake ni uzito wa zinki tu. Z275 ni gramu 275 kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa, unene wake kila upande kama maikroni 20, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Inakuambia litachelewa kiasi gani kupata kutu. Haikuambii hata chembe kama chuma kilicho ndani ni kilaini au ni kikavu. Na tena kwa kukandamiza, zinki nene si sifa, ndiyo inayopukutika na kugandia kwenye dai. Z100 mpaka Z140 inafanya kazi safi zaidi.

Kinachotangulia Z ndicho chuma chenyewe. G550 maana yake chuma hakianzi kukubali mpaka ukivute kwa megapaskali 550 (kipimo cha nguvu ya kuvuta kwa eneo), na kikianza kukubali kinakaribia kukatika: kiwango kinadai kipande cha milimita 50 kirefuke asilimia 2 tu, milimita moja, basi. Upande wa pili kuna ukoo wa DX katika viwango vya Ulaya, na huu ndio wa kwetu sisi wakandamizaji. DX51D ni wa kukunja na kazi nyepesi. DX52D na DX53D wa kuvuta. DX54D wa kuvuta kina kirefu. DX56D na DX57D ni wa wenye viwanda vya magari huko, usijisumbue. DX54D inakubali kuanzia megapaskali 120 na haitakiwi kuzidi 220, na kipande cha milimita 80 kinatakiwa kirefuke si chini ya asilimia 36, yaani karibu milimita 29. Linganisha na ile milimita yangu moja. Bati likiwa jembamba sana kiwango kinashushwa kidogo, lakini hakishuki mpaka kwenye paa. Ukikuta cheti cha mfumo wa Japani, SGCC ni la kawaida, SGCD ndilo la kuvuta, na SGCH, hiyo H ya mwisho, ni gumu, kimbia.

Kwa nini bati la paa liwe gumu hivyo? Si kwamba ni bovu. Kiwandani chuma kinaviringishwa kikiwa baridi mpaka kinakuwa chembamba, na kuviringishwa huko kunakikaza. La kuvuta linapitishwa tanuru la moto mkali, nyuzi 700 na zaidi, lenye gesi isiyoruhusu kutu, linalainika, ndipo linashushwa mpaka nyuzi 460 hivi na kuzamishwa kwenye zinki iliyoyeyuka, yote kwenye mstari mmoja bila kusimama. Umeona mpangilio? Linalainishwa kwanza, linavikwa koti baadaye. Ndiyo maana huwezi kurudi nyuma na mkaa wako. Bati la paa halipewi moto wa kulilainisha kabisa, linaachwa na ukali wake makusudi, ili likiwa jembamba bado libebe upepo na mguu wa fundi. Kwa paa ni akili nzuri. Mimi paa langu la choo ni G550, limegharimu milioni tisa na laki sita, halivuji.

Natania, halikwenda lote chooni. Linakunjika ukilipa mviringo wa kutosha, kwa hiyo mengine nikayauza kwa watengeneza mifereji ya maji na kofia za paa, kwa hasara, kidogokidogo, mwaka na nusu. Nilirudisha kama milioni tano. Wenye mitumbwi nikawarudishia hela kwa awamu, mmoja alikuwa anakuja karakana kila Jumamosi anakaa tu, hasemi neno. Afadhali angetukana.

Kwa hiyo, mkuu, sheria yangu ni moja na sina nyingine: kipande kitoke kwenye koili ileile, na namba ikubaliane. Koili yoyote ya maana ina lebo, mara nyingi nyingine imebandikwa upande wa ndani wa tundu, ina namba ya koili. Cheti nacho kina namba ya koili. Mwambie muuzaji akupigie video asiikate, anaanza kwenye lebo namba ikisomeka, anahamia mdomo wa koili, mtu anakata kipande hapohapo, anaandika namba juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Akitupa mzunguko wa kwanza wa nje ndipo akate, ni bora zaidi. Kama una ndugu Dar, mtume ndugu. Ndugu atakuomba nauli na chakula, mpe, ni elfu ishirini dhidi ya mamilioni. Muuzaji akisema "koili zote ni moja", umeshapata jibu lako. Akisema cheti kimepotea, vilevile.

Kipande kikifika usikimbilie dai kubwa. Yule mzee alinitengenezea kipimo ambacho natumia mpaka leo, nacho ni kile kile wanachotumia maabara, chao tu kinang'aa. Chukua gololi ya beringi ya kipenyo cha milimita 20, ichomelee kwenye kipande cha shafti. Toboa bamba nene tundu la milimita 27, lainisha ukingo wake. Bana bati kati ya bamba hilo na bamba jingine lenye tundu la kupitisha gololi, halafu sukuma gololi taratibu kwa jeki ndogo, kijana ameshika tochi upande wa pili. Ukiona ufa wa kwanza, simama, pima kina cha kile kikombe. Bati langu la dalali lilipasuka kabla ya milimita 4. Vile vipande vyake vinne, na DX54D ninayonunua sasa yenye nusu milimita, vinacheza kwenye 10. Hakuna lugha tamu ya muuzaji inayoweza kuisogeza gololi.

Na angalia tarehe ya kutengenezwa kwenye cheti. Ulisema anasafisha stoo, nalo neno hilo sikulipenda. Chuma laini nacho kinazeeka: DX51D na DX52D mtengenezaji anakuhakikishia uso usiotoa mistari ukikandamizwa kwa mwezi mmoja tu, kuanzia DX53D kwenda juu ni miezi 6. Likikaa sana linaota mistari kama michirizi ya tumbo. Karai la zege halijali, lakini ujue. Likiwa limenyeshewa stoo au kwenye behewa utakuta unga mweupe katikati ya mizunguko, ni kutu ya zinki, hilo nalo ni la kushusha bei.

Lakini sijui kwa nini naendelea kukueleza habari za kushusha bei. Geji 28, muuzaji wa mabati ya paa, stoo. Mkuu, hiyo ni paa. Nakubali naweza kukosea, kuna wafanyabiashara wanaoagiza la kuvuta wakakosa mteja. Gololi itasema.

Mawese niliahidi. Huku kwetu ni mengi kuliko maji ya bomba, na usidharau: huko Ulaya viwanda vya bati la makopo vilitumia mawese miaka mingi kuviringishia chuma, kwa hiyo mjuaji akikucheka mcheke na wewe. Yanateleza vizuri sana. Shida, yale mabichi yana tindikali inayong'ata zinki, ukiacha kazi imepakwa usiku kucha asubuhi ina mabaka. Kandamiza, osha kwa maji ya moto na sabuni siku hiyohiyo. Dai nayo uifute kila bakuli ishirini, zinki inagandia na inakwaruza zinazofuata.

Hapo kwenye tindikali nimekumbuka: beseni za asali, hapana. Asali ni chachu kuliko unavyoionja, inakula zinki na zinki inaingia kwenye asali. Tabora mnajulikana kwa asali, usiwe wewe wa kuiharibia jina. Beseni za asali ni chuma cha pua au ndoo za plastiki za chakula. Baki na makarai.

Jeki ya tani 50 yangu mimi ilikuwa kubwa mno kwa bati laini, ilitosha tu kunipa kiburi kwa bati gumu. Mengine wakuu watakujazia, mimi saa hizi naitwa dukani.

Piga picha lebo ya ndani ya koili na kile cheti, viweke hapa kabla ya Ijumaa. Namba isomeke.